Maji Chini ya Chumba cha Baba Mkwe

Fundi Maduhu tulimzika mwezi uliopita huko Kasoli, na kwenye msiba wake nilifanya jambo ambalo watu wanaonijua bado wananishangaa. Baada ya maziko tulikaa kwenye mikeka tukingoja chakula, na mmoja mmoja wakaanza kumkumbuka marehemu. Huyu alivutiwa bomba mpaka zizini, yule alitengenezewa pampu siku ya harusi ya binti yake, ng'ombe na wageni wakiwa na kiu pamoja. Ilipofika zamu yangu wakasema, "Mama Pendo, wewe ndiye umemjua siku nyingi kuliko sisi wote. Sema neno." Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa fundi mwenye sikio la kusikia na mdomo wa kunyamaza, nikakaa. Basi! Mimi, ambaye nikianza kusimulia habari ya sindano iliyopotea, ugali unapoa mezani. Ukweli ni kwamba hadithi nilikuwa nayo, tena nzuri kuliko zote zilizosemwa pale, ila haikuwa yangu peke yangu. Fundi alikuwa na kipande chake, na kipande kikubwa kilikuwa cha baba mkwe wangu. Sasa wote wawili wamelala, na mimi nimebaki nayo kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba isiyo na watu. Nitaisema. Jina la baba mkwe tu ndilo sitalitaja. Kwetu mke hatamki jina la baba wa mume wake, na sitaanza leo na mvi zangu hizi.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, mji mdogo ambao ukipiga chafya sokoni unaulizwa nyumbani kama umepona. Mume wangu Shija alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule kwenye kiwanja alichokipata kwa bei ya kutupa, na sababu ya bei ile ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye. Kiwanja chote kilikuwa udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, mpaka ndama anaweza kuvunjika mguu kwenye nyufa zake. Shija alijivunia vitu viwili: sakafu ya zege, na maji ndani ya nyumba. Si bombani uani kama kwa majirani, hapana, ndani, kwenye bafu! Na kwa kuwa hakutaka bomba lionekane ukutani kama mshipa wa mzee, aliwaambia waliojenga walilaze chini, juu ya udongo ule ule mweusi, kisha wamwage zege juu yake. Bomba lilitoka barabarani, likapita chini ya sebule, likapita chini ya chumba cha mwisho, ndipo likatokeza bafuni. Wageni walikuwa wanapelekwa bafuni kufungua koki na kuifunga. Mimi mwenyewe nilikuwa nawapeleka.

Chumba hicho cha mwisho ndicho alichopewa baba mkwe. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa, na Shija alimchukua baba yake kutoka Mwamanyili kwa kumbembeleza, karibu kwa kumvuta. Alikuja na sanduku moja, kigoda, na ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa. Mwamanyili aliacha nyumba iliyofungwa na maksai wawili wa kulimia kwa jirani, na kila mgeni aliyetoka upande ule aliulizwa habari za maksai kwanza, za watu baadaye. Shija alimnunulia kitanda. Mzee alikishukuru sana, "wabeja, ng'wanawane," ndiyo asante mwanangu, akaweka sanduku lake juu ya kitanda, akatandika ngozi yake sakafuni, akalala hapo. Alisema kitandani anasikia kama amepandishwa juu ya tela la pamba.

Sasa mtu asiye wa kwetu aelewe jambo moja, maana bila hilo atatuona wajinga wote. Mke hakanyagi chumba anacholala baba mkwe wake. Hafagii humo, hatandiki, hachungulii. Hali naye chakula. Mimi nilikuwa nampelekea ugali sebuleni, namnawisha mikono nikiwa nimepiga magoti, naondoka bila kumtazama usoni. Vijana wa siku hizi wanaliona hilo kama ugomvi. Wala! Lilikuwa pendo lenye uzio. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na cherehani yangu ilikaa sebuleni chini ya dirisha. Yeye alipenda kuweka kigoda chake nje, upande wa pili wa ukuta, chini ya dirisha lile lile. Hatukuonana, tukawa huru kuongea kutwa nzima. "Mwangaluka, mayu," ndivyo alivyoanza kila siku, akiniita mama, mimi mtoto wa juzi. "Mwangaluka, baba. Mhola?" "Mhola duhu," yaani salama tu. Kisha hadithi. Alinieleza mwaka wa nzige, akanieleza namna ya kumtambua ng'ombe mwongo mnadani, akaniuliza bila aibu bei ya kila gauni nililoshona na kusema ni ndogo. Baba yangu mzazi hakuwahi kukaa na mimi kiasi kile. Nilimpenda yule mzee, na sikuwa na njia ya kumwambia zaidi ya kuweka karanga nyingi kwenye michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Mambo yaliharibika baada ya mvua kuisha, ardhi ilipoanza kupasuka. Asubuhi moja niliamka nikamkuta uani, ameanika ngozi yake kwenye ua wa miti, na anaisugua kwa majivu. Aliponiona alishtuka kama mwizi wa kuku. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Mlango wa chumba chake, ambao mchana ulikuwa unakaa wazi, ukaanza kufungwa. Na harufu ikaanza. Ngozi ya ng'ombe ikilowa ikakauka ikalowa tena ina harufu yake, kali, ya chumvi, na sihitaji kuieleza zaidi. Nikajiambia, basi, ndiyo uzee. Mtu mzima yule, aliyeongoza jozi ya maksai, sasa mwili umeanza kumsaliti usingizini. Nililia jikoni, nikajisingizia moshi.

Ningemwambia nani? Yeye? Afadhali kufa. Shija? Mke akamwambie mume kwamba baba yako analowesha malalo! Nikanyamaza. Na yeye alinyamaza. Tuliendelea na mwangaluka zetu dirishani kama kawaida, ila hadithi zikawa fupi, na kigoda kikasogea mbali kidogo na ukuta. Kisha chai ya jioni ikaanza kurudi na kikombe chake kimejaa. "Imenitosha, mayu." Kisha uji ukaanza kurudi. Nilipogundua kwamba tangu saa sita mchana hanywi kitu, unajua nilifanya nini? Nikamsaidia! Kwa huruma zangu za kijinga, nikaacha mchuzi, nikaanza kumpikia dagaa wa kukaanga na ugali mkavu, ili asipate taabu ya kukataa. Mzee akaanza kukonda. Midomo ikampasuka. Tulikuwa tunamkausha wawili, yeye kwa aibu na mimi kwa heshima, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Huku nyuma bili ya maji ikapanda. Shija alikuja nayo mkononi, ameikunja kama barua ya kesi. "Mke wangu, unafua nguo za mji mzima?" Nikasema labda mita imeharibika. "Mita haiharibiki kwa kupanda tu," akasema, "ingeharibika siku moja ikashuka." Mwezi uliofuata ikapanda zaidi, naye akaacha utani. Aliniambia nina mkono mrefu wa maji, kwamba kwetu Kasoli nilizoea kisima hivyo sijui kwamba bomba ni hela. Niliinama. Mimi nilidhani najua maji yanakoenda. Nilidhani mzee anaamka alfajiri kufua mashuka yake bafuni, anafungua koki na kusahau kuifunga. Nikasema, "Nitapunguza." Naye mzee alikuwa sebuleni, anasikia yote, na najua sasa alichokuwa anafikiri: kwamba nagombezwa kwa ajili ya maji ya kumfulia yeye.

Jumatano jioni alimwita Shija, mimi nikiwa jikoni. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, nikasikia. "Jumamosi kuna gari linakwenda Busega, linapita Mwamanyili. Nitapanda." Shija akadhani ni matembezi. "Utarudi lini, baba?" "Sirudi." "Utakula kwa nani huko? Nyumba imefungwa!" "Nina maksai wangu. Nitalima." "Baba, una miaka sabini na kitu!" "Ndiyo maana nataka kuwa kwangu," akasema mzee. "Mtu mzima ana mambo yake, Shija. Ukifika utayajua." Shija akaja jikoni, akaniuliza nimemkosea nini baba yake. Nikasema sijui. Sikulala vizuri. Nilimwona kule Mwamanyili peke yake, hanywi maji, ngozi yake kwenye ua, na hakuna mtu wa kumwamkia dirishani. Nilijua akienda vile atakufa, tena mapema, na atakufa akiamini kwamba amekuwa mzigo.

Lazima nieleze habari ya mgao, maana hapo ndipo sisi wote tulipopotea. Kiangazi kile maji mtaani kwetu yalifunguliwa usiku tu, watu wakiwa wamelala, na kufungwa alfajiri. Tuliacha koki ya pipa wazi, tukaamka pipa limejaa. Mchana bomba lilikuwa tupu. Kwa hiyo sakafu ya mzee ililowa usiku, na kufikia jioni ilikuwa imekauka. Mtu akiona hivyo atafikiri nini? Sasa Alhamisi ile, siku mbili kabla ya safari, kulikuwa na matengenezo huko kwenye visima, na bila kumwambia mtu wakafungua maji mtaani kwetu saa tano mchana.

Nilikuwa nashona sare za shule. Mzee alikuwa nje na kigoda chake, ngozi yake iko uani inakauka. Uzi ukakatika, nikasimamisha cherehani ili nitunge sindano, na katika ule ukimya nikasikia kitu kinachemka. Ndivyo ilivyokuwa, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Nikaenda jikoni, jiko limezimwa. Nikarudi. Sauti ilitoka chumba cha mwisho. Nilisimama mbele ya mlango ule nikiwa na uzi mdomoni. Kuingia siwezi. Nikachukua ufagio, nikausukuma mlango kwa mpini, nikiwa nimejiambia kwamba aliyefungua ni ufagio. Chumba kilikuwa kitupu. Sanduku juu ya kitanda, sakafu isiyo na ngozi wala mtu. Na katikati ya sakafu kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi wangu, na maji yalikuwa yanapanda humo taratibu, yanajikusanya, yanatambaa kuelekea ukutani. Nyumba ilikuwa inajikojolea yenyewe, mchana kweupe! Nilicheka, nikajiziba mdomo, kisha machozi yakanitoka.

Hapo hapo nikapatwa na woga. Nitamwambiaje? Nikisema "baba, kumbe ni bomba," nimekiri kwamba nilikuwa nimefikiri kitu kingine. Nilienda dirishani, nikaita kwa sauti ya mtu aliyeona moto: "Baba! Njoo uone, maji yanatoka chini ya nyumba!" Akaja haraka kuliko nilivyomwona akitembea miezi mitatu. Nilirudi nyuma kumpisha. Aliingia chumbani mwake, akasimama. Akavua ndala, akaweka mguu mmoja kwenye maji, akautazama. Nilitaka kuondoka, nikasikia, "Mayu. Ingia." Nikasema, "Baba, siwezi." "Nasema mimi. Ingia ushuhudie." Nikavua viatu, nikakanyaga sakafu ile kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa ya baridi. Alinitazama usoni, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya, na nikaona macho yake yamejaa. "Si mimi," akasema. Ningeweza kujifanya sielewi. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini nikasema, "Si wewe, baba. Hujawahi kuwa wewe." Alikaa juu ya kitanda alichokikataa mwaka mzima, kando ya sanduku, akajifunika uso kwa mikono. Mimi nikakimbia kumtafuta fundi.

Fundi Maduhu alikuwa kijana wakati huo, mwembamba, ana baiskeli na mfuko wa vyuma. Kwanza alitufanya tufunge koki zote, akatuita kwenye mita. "Nani anatumia maji?" "Hakuna." "Basi mbona inakimbia kama imeona simba?" Kisha akachukua kipande cha nondo, akasimamisha ncha moja sakafuni na nyingine akaitia sikioni, akaanza kusogea hatua kwa hatua, macho amefumba. Alitukataza hata kukohoa. Karibu na ukuta wa bafu akasimama. "Hapa panaongea." Akamwita mzee, "Njoo usikie mwenyewe." Mzee akapiga magoti, akaweka sikio kwenye chuma, akasikiliza muda mrefu sana, mpaka fundi akanitazama. Nadhani mzee alitaka kuhakikisha kwamba yale maji yana mahali pengine yanapotoka.

Shija aliporudi kutoka kazini, fundi alikuwa ameshatoboa tundu moja na kuona uozo. Udongo uliposhuka kiangazi, bomba lililolazwa juu yake bila mchanga lilining'inia, kiungio kikaachia. "Kiungio chenyewe ni bei ya kuku," akasema. "Mngeniita wiki ya kwanza ningetoboa tundu la ukubwa wa sahani, nikaziba, nikala, nikaondoka. Sasa chini hapa ni tope tupu, sakafu imekaa hewani. Ukuta umeanza kushuka, angalieni ufa ule. Inabidi tuvunje sakafu ya chumba chote, tutoe tope, tujaze moramu na mchanga, tumwage zege upya. Bomba la chini tuliache life, tupitishe jipya nje ukutani, lionekane. Na ukuta nao utadai chake. Wahenga walishasema, usipoziba ufa..." "Tunaijua," Shija akamkatiza. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Mshahara wa kiwandani ulikuwa bado, na fedha aliyokuwa nayo isingetosha hata mifuko ya saruji. Ndipo akauliza swali tulilokuwa tunaliogopa. "Baba, wewe unalala humu. Miezi yote hii hukuona maji?"

Mzee alitazama sakafu. Mimi nilitazama uzi uliokuwa bado umenizunguka kidoleni. Fundi alitutazama sisi wawili, akatazama ngozi kule uani, akatazama sakafu, na naapa niliona jambo lote likimwingia. Kijana wa watu, hakutufahamu hata kidogo. Akasema, "Angeonaje, kaka? Udongo mweusi unaficha. Maji yalikuwa yananywewa chini, yametokeza leo tu." Huo ndio uongo niliokuwa nao mdomoni pale msibani. Kwa miaka yote aliyoishi baada ya hapo hakuwahi kuutania, hata akiwa amelewa, hata tukiwa wawili.

Lakini mzee hakutaka kubebwa na uongo wa watu. Asubuhi akamwambia Shija aende Mwamanyili badala yake, na lile gari la Jumamosi, akauze maksai. Shija akaruka. "Maksai wako? Wote wawili? Baba, nitakopa kazini." "Uza. Kukawia huku ni kwangu." "Kukawia gani? Fundi amesema maji yalijificha." "Shija, nimesema uza." Mimi nilikuwa dirishani, na kwa mara ya kwanza nikaingilia maneno ya wanaume. "Baba, ukiwauza utarudi kulima na nini?" Akageuka kule nilikokuwa. "Sasa mayu, nimesema nani anarudi?"

Maksai waliliwa na chumba kile, pembe na kwato. Mmoja alikuwa moramu na saruji, mwingine ukuta, na mkia wake bomba jipya lililopita nje kama mshipa, mbele ya macho ya wageni wote. Wiki tatu mzee alilala sebuleni kando ya cherehani yangu, mitaa ya juu na ya chini ikasema tumevunja mila, na wala haikutuuma. Nilimrudishia mchuzi. Mpaka leo nikifikiri gharama ya ile sakafu naona wale ng'ombe wawili wakitoka Mwamanyili, na naona kwamba tungeweza kuwaokoa kwa sentensi moja, siku ya kwanza, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na ruhusa ya kuisema. Sisemi mila ile ni mbaya. Nawakatalia wanangu wakisema hivyo. Nasema tu kwamba ilitugharimu, na kwamba mzee alilipa bila kunung'unika kwa sababu alikuwa amerudishiwa kitu chenye thamani kuliko maksai.

Alikaa nasi miaka kumi na mmoja. Alimwona Pendo na wadogo zake wawili, akagombana na wote. Mwaka wa mwisho miguu ilimwishia, akakubali kulala kitandani, na baada ya miguu mengine yakafuata kama yanavyofuata. Nilikuwa naogopa siku hiyo. Nilidhani atafunga mlango tena, ataacha kunywa, itabidi tuanze upya kujificha kila mtu kwa mwenzake. Ilikuja asubuhi, jua limeshachomoza, nikiwa napepeta mchele uani. Shija alikuwepo, vijana wa majirani walikuwepo, angeweza kumwita mwanamume yeyote. Aliniita mimi, kwa sauti yake ya kila siku.

"Mayu, njoo. Leo ni mimi."

Nikachukua beseni na maji ya moto, nikaingia.